Karatasi Chini ya Mto wa Kiti

4 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama, na barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi chako cha asubuhi kiwe kimekuachia. Mama hajambo, anakusalimu, na anasema umekonda hata kabla hajakuona. Mimi ni mzima, ukiondoa kidole kimoja.

Usicheke mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, ambao tangu shule haukuwahi kupewa kazi zaidi ya kushikilia daftari. Simu huku inashika ukipanda juu ya tangi la maji, na mimi kwa mkono mmoja ngazi siiwezi. Tutumie dereva wa vifurushi, amekubali.

Sasa sikiliza. Daktari aliyenishona alisema kano ya kidole cha shahada, ule uzi wa ndani unaokikunja, ameiunga vizuri, ila nusu ya kazi ni yake na nusu ni ya mazoezi. Siku natoka hospitali uvimbe ulikuwa haujashuka, ndiyo maana mtu wa mazoezi hakunionyesha kitu. Jumatatu nenda kwake, chumba cha mwisho baada ya famasi. Nimemwambia wewe ndiye mkono wangu wa pili. Atakupa karatasi, na kila baada ya muda atakupa nyingine, mpaka nirudi kuonwa mwisho wa Aprili. Itie kwenye bahasha siku hiyohiyo.

Kile kioo kilichonivunjikia mkononi, hakikisha vipande vyote vimezolewa, wateja wasije wakakanyaga. Mwalimu mkuu akija kutaka misuko yake midogo kama uzi, mwambie avumilie. Muoshe nywele, mchane, basi. Usimsuke. Sijasema hujui, nimesema bado. Na kiti changu cha dirishani kiwekee mkoba, asikikalie mtu.

Dada yako.

9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake. Sisi huku wazima, kikohozi kimepungua. Mwandiko wako nimeuonyesha saluni nzima, tumecheka mpaka dobi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Pole sana, dada.

Kwa mtu wa mazoezi nimefika. Amesema kidole chako kilikatika vibaya, kwa hiyo kipumzike. Banzi walilokufungia kidoleni usilivue, na kidole usikikunje hata kidogo, kitafumuka ndani. Karatasi hakutoa, amesema nikuandikie tu. Ndiyo hivyo nakuandikia.

Mwalimu mkuu alikuja. Nimemwosha nywele. Akakaa kaa, akauliza utarudi lini, nikamwambia Mungu ndiye ajuaye.

Pumzika, dada. Miaka yote hiyo hujawahi kupumzika.

Mdogo wako.

23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Huku afya njema, mvua imeanza, paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka na mama anaweka sufuria ileile.

Nimepumzika mpaka nimechoka. Mama ananilisha kama kifaranga. Jana aliniambia, "Hebu kichezeshe kidogo hicho kidole, mwanangu, kitu kisichochezeshwa kinakauka," nikamkaripia, mama yangu mzazi, nikamwambia hospitali wamekataza. Akaenda kupepeta mchele. Bado naona aibu.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Wodini kitanda cha pili alikuwapo seremala aliyekatwa na msumeno kidole kama changu. Yeye siku ya tano walimkunjisha, akawa analia kama mtoto huku wanamhesabia. Mbona mimi siambiwi hivyo? Muulize tena yule mtu, umwambie dada anauliza. Kidole kimekuwa kinang'aa, ngozi imevutika, na nikikiangalia sioni kama ni changu.

Dada yako.

30 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini paa limetulia. Sisi wazima.

Nimemuuliza. Amesema kidonda cha mtu si cha mwenzake, na yule seremala huenda chake kilikuwa chepesi. Endelea hivyohivyo. Atakapotaka uvue banzi nitakuambia.

Nisikufiche jambo moja. Mwalimu mkuu alikuja tena, ana safari ya kikazi, akaniomba sana. Nikamsuka. Misuko midogo, dada, kichwa kizima, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipojiangalia kwenye kioo akasema mikono yangu ni myepesi, hakusikia maumivu. Na amewaleta walimu wawili. Usikasirike. Mkoba niliuondoa kitini siku hiyo tu, mwanga wa dirishani ni mzuri zaidi.

Mdogo wako.

18 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sijakasirika. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikafurahi, maana kama umemridhisha yule mwanamke basi sikukufundisha bure.

Banzi nimelivua Jumanne kama ulivyoniagiza kwa dereva. Kidole hakikunji. Sisemi kinauma kukunja, nasema hakikunji. Nakiambia njoo, vingine vinne vinakuja, chenyewe kimesimama kama mgeni aliyekataa kuketi. Nimejaribu kushika kitana, kimeniponyoka mara tatu. Mama alikiokota mara zote tatu.

Mdogo wangu, mimi kazi nyingine siijui. Wewe unajua. Nakuja tarehe ishirini na saba nionwe.

Dada yako.

22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekimbilia kuandika ili dereva asiniache. Usijisumbue kuja, mtu wa mazoezi yuko likizo hadi katikati ya Mei. Safari ni ndefu na wewe ni mgonjwa. Ngoja, nitakuambia siku ya kuja.

Mdogo wako.

2 Mei

Kwako,

Mama ni mzima. Salamu zake ziko mwisho wa barua, zangu usizitafute.

Nilikuja. Nilishuka nikaenda moja kwa moja hospitali, nikijisemea, likizo au si likizo, atakuwepo mwingine. Alikuwepo yeye mwenyewe, anakula karanga mlangoni. Akanifurahia. Akasema, "Haya, nionyeshe ngumi." Nikamwonyesha. Karanga akaziweka chini.

Akaniuliza, "Karatasi hukupata?" Nikamwambia ulisema hatoi karatasi. Akafungua daftari lake, akaligeuza upande wangu. Sahihi yako ipo mara tatu, tarehe tisa Machi, tarehe ishirini Machi, tarehe kumi na tatu Aprili. Ule mkia unaouvuta mwishoni nilikufundisha mimi, ulipokuwa unaanza shule. Akasema kila ulipokwenda alikuuliza naendeleaje, na kila mara ulimjibu, "Anakunja vizuri sana, daktari."

Akanisomea nakala zake. Ya kwanza inasema banzi likiwa mkononi, kwa mkono wa pili sukuma kidole kikunje mpaka kielekee kiganjani, kisha kiachie kinyooke mpaka kiguse banzi. Mara kumi kila saa, ukiwa macho. Ya pili inasema sasa kikunje chenyewe, taratibu, kama ndoano. Ya tatu, vua banzi, kamua sponji ndani ya maji ya vuguvugu, okota maharage moja moja uyatie kikombeni. Na chini ya ile ya kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: kidole kisipochezeshwa, kano itagandana na nyama na haitaachia.

Mara kumi kila saa. Na mimi nilikuwa nimekaa kwa mama, nimekitunza kidole kisitikisike kama yai, namkaripia mama.

Nilikuja hadi saluni. Nilisimama kwa dobi, ng'ambo ya barabara. Ulikuwa dirishani, umekaa kwenye kiti changu, mwalimu mkuu yuko mbele yako kwenye kigoda, na vidole vyako vinakwenda. Vizuri. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba ulikuwa unasuka vizuri. Dobi akaniambia, "Huingii? Mdogo wako yumo." Nikamwambia namwona.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo hiyo nilijivisha mwenyewe, nikaifunga na vifungo. Ulinisaliti kwa maneno ya huruma. "Pumzika, dada." Ungenitukana ningekusamehe kabla ya jioni.

Mama anakusalimu. Hajui. Anadhani nimelia kwa sababu ya safari.

Mwenye kidole.

7 Mei

Dada,

Shikamoo, ingawa sina haki ya marahaba yako.

Sitabisha. Karatasi zote tatu zimo kwenye bahasha hii. Zilikuwa chini ya mto wa kiti chako.

Ile ya kwanza niliichukua nikiwa na nia ya kuituma. Nilifika saluni nimeishika mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa ananisubiri, akasema, "Wewe huwezi hata kunijaribia?" Siku hiyo ndiyo nilimsuka mara ya kwanza, si mwisho wa Machi kama nilivyokuandikia. Nilipomaliza, karatasi nilikuwa nimeikalia. Nikasema acha ikae wiki moja tu, dada apumzike wiki moja, na mimi niwe msusi wiki moja. Wiki ikazaa wiki. Ulipouliza habari za seremala nilitaka kusema, nikaona nimechelewa, utajua. Uongo wa kwanza ndio mgumu, dada. Ya pili na ya tatu nilizitia chini ya mto bila hata kuzisoma; habari ya kuvua banzi aliniambia kwa mdomo.

Miaka minane nimeosha vichwa. Kila nilipokamilisha mistari miwili ulikuja ukaifumua mbele ya mteja, ukacheka, "Huyu bado." Siku moja ulimfumulia bibi harusi kichwa kizima nilichokuwa nimekifikisha kisogoni, na wote wakacheka nawe. Sikuandikii hili nijitetee. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia.

Nitakuja nikukunje kidole mwenyewe kila saa, ukikubali.

Mdogo wako, kama bado neno hilo lipo.

15 Mei

Kwako,

Karatasi zimefika, zimejikunja kwa umbo la makalio yako. Mama amezipiga pasi. Sasa anajua, maana aliuliza kwa nini karatasi za hospitali zina nywele za watu, na mimi sikuwa na nguvu ya kutunga.

Usije. Mama ndiye ananihesabia. Saa ikifika anaacha alichoshika, anakaa mbele yangu, anasukuma kidole, moja, mbili, mpaka kumi, nami nauma ukingo wa nguo. Mtu wa mazoezi amesema huenda kikafika nusu ya safari, huenda kikahitaji kupasuliwa tena ili kano ibanduliwe.

Kuhusu misuko yako, ni kweli. Nilikuwa nakufumulia na wakati mwingine ilikuwa mizuri. Yule bibi harusi nilimfumua kwa sababu ilikuwa mizuri. Nalikiri hilo na silipambi. Lakini mimi nilifumua nywele, na nywele husukwa tena siku hiyohiyo.

Nitakuandikia siku nitakapoweza kushika kalamu kwa mkono wa kulia. Kabla ya hapo usitazamie barua.

Sijui nisaini nani.

19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne hujanijibu, nami silalamiki. Dereva ananiambia mama ni mzima na kwamba akileta mzigo saa kamili hakuti mtu wa kumpokea, mnahesabu.

Kiti nimerudisha mkoba juu yake. Nasuka nimesimama, miguu inavimba jioni. Mwalimu mkuu ameuliza mbona, nikamwambia kiti kina mwenyewe. Mtu wa mazoezi nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaita mgonjwa aliyefuata.

Mara kumi, dada. Nami saa ikigonga huwa nakunja changu.

Mdogo wako.

11 Novemba

Huu ni mkono wa kulia. Mistari hii imechukua asubuhi nzima, na mama amekaa pembeni anaangalia kila herufi.

Walinipasua tena Septemba. Kidole kinakunja mpaka katikati, kiganja hakigusi, na mtu wa mazoezi amesema hapo ndipo mwisho wake. Naweza kitana, kijiko, kifungo na kalamu. Nasuka misuko mikubwa, watoto wa jirani wanakuja baada ya shule. Ile midogo kama uzi haitapita tena mikononi mwangu. Mwalimu mkuu ni wako.

Miezi yote hii nilipokuwa nakunja nilikuwa napanga nitakachokuandikia siku hii. Nilikuwa na maneno makali, na baadaye yakawa laini, kisha makali tena. Leo mkono umerudi na maneno siyaoni. Nimetimiza ahadi tu.

Ondoa mkoba, ukikalie kiti. Miguu yako haitanirudishia kidole.

Mtoto wa mama yako.