Petroli Ilipozidi Mlimani

Karatu, Jumanne, Julai 1963

Ukungu bado umetanda. Nachungulia dirishani kila mara.

Jioni nilifungulia kabureta, kichanganyio cha petroli na hewa, petroli zaidi, nikidhani gari hili kuukuu litapata nguvu za kupanda kutoka kreta, lile bonde la volkano. Kumbe huko juu hewa ni nyepesi, petroli ikizidi injini inakabwa. Katikati ya mlima likatoa moshi mweusi likazima. Ndani yumo Naserian, niliyekuwa nikimkimbiza zahanati na mama yake, uchungu wa uzazi umemshika.

Mama yake akasema, "Mwanangu, mimi mzito. Niteremke, yeye afike."

Akateremka, nami nikapunguza petroli. Likapanda kwa kusuasua, nikaogopa kusimama kumchukua, lisije likazima tena.

Naserian amejifungua salama. Kurudi kule kumchukua mama yake, kwa giza na ukungu huu, mpaka kupambazuke.

Kila akizinduka anamuulizia mama. Nimemwambia amelala.