Siku Uliponipita Mara Mbili

Mdogo wangu Sele,

Shikamoo yako imefika na barua ya juzi, nami naijibu hadharani, hapa gazetini: marahaba. Watu wa mtaani kwetu Kiponda wananiuliza kama kweli huko ng'ambo mtu mzima analipwa kwa kudunda mpira. Nawaambia ndiyo, kisha na mimi nabaki najiuliza.

Nakukumbuka miaka ile, Mapinduzi bado mapya, ukitoka chuo cha ualimu alasiri, unaudunda mpira wa kikapu kichochoro kizima mpaka nyumbani. Njia yenyewe watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Kila kona unapiga ukelele kama hamali mwenye gari la mkono: "Simile! Simile!" Watu wanajibana ukutani upite. Mama anakupokea mlangoni: "We mwana, huo ualimu utausoma lini? Au utakwenda kuwafundisha watoto wa watu kudunda?"

Kisha akaja yule mwalimu wa timu kutoka Dar es Salaam. Timu yake iliwapa wachezaji kazi na mshahara, naye alitaka mtu mmoja tu kutoka Unguja. Wewe chuo kilikuwa kinakwisha. Ukikosa siku ile ya majaribio, basi, ni chaki mpaka uzeeni.

Kukukaba wakanipa mimi. Sijui walimkosa nani. Hata wakati ule tumbo langu lilikuwa linafika uwanjani kabla yangu. Ukaja mbio na mpira, na kwa mazoea ya mtaani ukapiga kelele, "Simile!" Na mimi, mtoto wa mjini mwenye adabu zake, nikajibana pembeni! Ukafunga peke yako. Watu mbavu hawana.

Mwalimu hakucheka. "Kasemaje huyu?"

"Kaomba njia."

"Nawe ukampa?"

"Sasa ningefanyaje, bwana? Si kaomba!"

Akakugeukia. "Kwangu hakuna wa kukupa njia. Rudia. Na mdomo ufunge."

Niliuona uso wako ulivyoshuka. Ukarudia, midomo umeibana kama uliyelambishwa shubiri. Ukanipita, ukafunga. Mwalimu akakuita kando, akakushika mkono.

Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, Kiembe Samaki, uliniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, ile mara ya pili, ulinipisha?" Nikacheka tu, nikakupiga bega. Kumbe ukaondoka nalo swali hilo. Umetoka Dar, umevuka mpaka huko, na barua ya juzi unaniuliza lile lile.

Basi sikiliza, na wanaosoma wawe mashahidi: sikukupisha. Nilitanua mikono, nikajikita chini, nikamuomba Mungu nisiaibike mara mbili mbele ya mji mzima. Kazi yako, mshahara wako, vyote nilivisahau. Nilitaka kukuzuia kwelikweli. Kila ulichokipata tangu siku ile ni chako, hukupewa na mtu.

Ila na mimi nna langu, na limeniwasha kuliko lako. Nimewauliza wote waliokuwepo. Mmoja anasema ulipita kushoto, mwengine kulia, na fundi viatu wetu anaapa ulipita chini ya kwapa langu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, macho wazi, na sikuona kitu.

Mama mzima, anakusalimu, anasema ule ushibe. Nawe ukishika kalamu usinizungushe: ulipita wapi?

Ni mimi kaka yako,
niliyekukaba