Kiti ya Malkia

Jumanne, 9 Mei 1995

Nimekasirika! Monsieur Gaspard, mwalimu wetu, amegawa watu wa mchezo wa shule, ile tragédie ya zamani—na malkia ni Caritas. Caritas! Mi nimeshika maneno yote ya malkia tangu Pasaka. Sasa mi ni mjumbe. Naingia mara moja tu, mwishoni, namwambia malkia mutoto wake ameuawa vitani, natoka. Basi!

Monsieur anasema eti kwenye tragédie mutu hafi mbele ya macho ya watu. Anafia kule nje, halafu mjumbe anakuja kueleza. Gélase wa darasa yetu akasema: kama huku kwetu. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 12 Mei

Répétition, mazoezi ya mchezo. Nimeingia, nimesema yangu: mwana wako amekufa. Caritas kasimama tu. Monsieur: lia basi! Caritas: nitaliaje, huyu ananimwagia kilio kama maji chafu. Nikamwambia kichwa yako ndiyo ngumu.

Lakini alisema kweli, inaniuma kuandika. Mutu haleti habari ya kilio namna ile. Unaingia polepole. Unaomba maji. Unamukalisha mwenye msiba, asije akaanguka. Unaanza na ugonjwa, ugonjwa umezidi kidogo… Nimemueleza Monsieur. Akasema haiko mu kitabu. Akawaza. Akasema jaribu.

Nikaomba maji. Nikavuta kiti. "Malkia, ikaa kwanza." We! Caritas akalia hata sijasema neno lingine. Na hiyo ni akili yangu mi, Orpha, siyo ya kitabu.

Alhamisi, 18 Mei

Ville morte. Maduka imefungwa, hakuna gari, hakuna masomo. Risasi tangu asubuhi. Mama hakwenda soko.

Jumatano, 24 Mei

Tumerudi, nusu ya darasa. Gélase hayuko. Hakuna anayeuliza.

Caritas analala kwa mujomba wake, mtaa wa Gihosha, maana njia ya kwao Buterere imeharibika, wanaua watu huko. Ni kaka yake Méthode tu anayepita huko, kila siku, kwa miguu, akitoka kazini, depo ya Zone Industrielle. Mama yao hataki kuacha nyumba. Caritas anasema Jumamosi, siku ya mchezo, Méthode atakuja kutuona, ameomba ruhusa kazini! Atavaa ile shati anayovaa kwenye ubatizo wa watu tu. Tumecheka sana. Nimemusamehe ile malkia. Karibu nimemusamehe.

Jumamosi, 27 Mei

Saa nane na robo. Niko nyuma ya pazia, naandika kwenye goti. Tunaanza saa tisa.

Asubuhi Dieudonné alikuja kwetu. Anafanya kazi na Méthode kule depo. Akabaki mlangoni. Akaomba maji. Mama akamupa, hakunywa. Mungu wangu, nikajua—ila sikujua ni nani.

Méthode. Jana, akirudi, karibu na mashamba ya mupunga. Mujomba ameenda kuchukua mwili. Dieudonné akasema Caritas hajui, mujomba mwenyewe atapita shuleni kumuchukua, we Orpha unyamaze. Mujomba hajafika. Wanasema njia imefungwa.

Nimemwambia Monsieur. Akaikaa kwenye ngazi, akafuta miwani. Anasema tukifuta mchezo Caritas atauliza sababu, tungoje mujomba. Muoga! Na mi vilevile.

Caritas anafurahi, ndiyo inayoniua. Kitenge ya mama yangu, taji ya karatasi. Amewekea Méthode nafasi mbele. Anachungulia: amefika? Nasema bado. Mara tatu nimesema bado. Na kabla ya saa kumi na moja nitasimama mbele ya watu wote nimwambie… Apana. Siwezi. Nachukia hii tragédie, nachukia aliyeiandika.

Sasa amekuja hapa. Anasema anaogopa hawa watu wote. Na mi, mujinga mi! Mikono imevuta kiti yenyewe. Mudomo umesema: Caritas, ikaa kwanza.

Amebaki wima. Anaangalia kiti. Anasema, hatujaanza bado, Orpha. Anacheka kidogo. Nimeinamisha kichwa, naandika, naandika tu nisimuangalie—

Ameacha kucheka. Ametoa taji. Ananiuliza kama nataka maji.