Kamba Imo Ndani ya Injini

Mjukuu wangu,

Usiwashe gari! Kitendawili: kameza kamba asidondoshe valvu, aliyemlisha kasahau. Ni injini yako. Jana uliijaza kamba kwenye tundu la plagi ili valvu zisidondoke ukibadilisha sili zake, vile vipira vilivyochakaa vikapitisha oili, gari likatoa moshi. Leo asubuhi ukanifokea mbele ya mkeo, eti nimeichukua nianikie nguo. Ulipokwenda kununua plagi nilifunua tambara ulilofunikia injini, nikaiona ncha ya kamba inachungulia tunduni. Sijaivuta, kazi ni yako.

Nguo ziko kwenye uzio, zikikauka mzianue. Chai imo kwenye chupa. Nimekwenda kliniki kwa miguu. ~~Msinifuate.~~ Gari likiacha kutoa moshi, njooni mnichukue. Mke mwenzangu, huyo mkeo, akae nyuma, ila uniombe radhi kwa sauti, naye asikie.

Bibi yako