Ufunguo Uliokuwa Nyuma ya Mlango

Mke wangu Leonia, mama wa Editha,

Barua zetu za uchumba zilianza kwa kuulizana afya. Hii naianza kwa woga, maana ndio nilio nao, na ni wewe peke yako niliyezoea kukuambia kwamba naogopa. Wengine wananiona mwanamume mzima. Wewe uliniona nikivuka daraja la miti kule kwenu bondeni, mwaka ule tulipooana, nimeng'ang'ania kamba kwa mikono miwili, viatu nimeviuma kwa meno, nawe umekaa chini ng'ambo ya pili huna mbavu kwa kucheka. Kwa hiyo haya nitakayokueleza hayatakushangaza.

Kiwandani wametupunguza. Miaka hii ya tisini kila nyumba hapa Morogoro ina mtu aliyepunguzwa, kwa hiyo sikulia, nilirudi tu nyumbani mapema na Editha akaniuliza kama naumwa. Mtambo wangu wa kufumia, ule uliokuwa ukisema nimeuoa kabla yako, wameufunika turubai. Mdogo wako Dismas alipopata habari alituma salamu kwa dereva wa basi: shemeji aje bondeni na mtoto, shamba la mpunga lipo, kiwanja cha kujenga kipo. Ni wito mwema, na sina mwingine.

Sikujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu ya lile agizo lako. Mimi siku zile hospitalini nilitaka tuzungumze habari za kupona, wewe ukawa unazungumza habari za shule. "Popote mtakapohamia, nenda kwanza ukaione shule ya mtoto. Usiulize watu. Nenda uione." Nilikuona unaweweseka, nikakuitikia ili ulale.

Lakini hukuwa unaweweseka, maana ndivyo tulivyofanya hata hapa mjini. Unakumbuka? Editha alipokaribia kuanza darasa la kwanza tulivaa nguo za kanisani tukazungukia shule. Mimi niliipenda ile yenye vioo madirishani. Nilikagua vyoo, nikahesabu madawati, nikamuuliza mwalimu mkuu maswali mpaka akadhani natoka wilayani. Tulipofika nyumbani wewe ukasimama jikoni, mwiko mkononi, kengele ya hii shule ya jirani ikalia. "Hii hapa," ukasema. "Nataka nikiwa jikoni nisikie kengele, na yeye akitoka anikute." Nikakwambia kengele haifundishi hesabu. Ukanitazama, ukaendelea kusonga ugali.

Jioni ile ndipo uliponieleza habari za ufunguo. Tangu tuoane ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ufunguo mdogo wa kufuli wenye kamba ya katani iliyoshika weusi, nami nilikutania kila nilipouona: "Mama, hiyo nyumba yako nyingine iko wapi?" Siku zote ulicheka. Jioni ile hukucheka.

Ukasema kwenu mvua zikishika watu wote wanahamia mashambani, mbali na kijiji, wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wanafukuza ndege na nguruwe mpaka mpunga uvunwe. Mtoto anayesoma anaachiwa nyumba. Wewe uliachiwa nyumba na Dismas juu yake, Dismas ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule na vifungo vya shati bado vinamshinda. Ulipika, ulifua, ulifunga mlango, ukaenda darasani na ufunguo shingoni. "Nilikuwa naongea na kuku," uliniambia, "ili mle ndani kuwe na sauti ya mtu."

Halafu Jumapili moja asubuhi Dismas akaamka anaungua homa, macho yamegeuka. Ulimbeba mgongoni, miguu yake inaburuzika chini, ukaenda kwa jirani. Ukakuta kufuli. Nyumba ya pili, kufuli. Ukapita kijiji chote unaangalia makufuli, maana Jumapili hata watoto wenzako walikuwa wamewafuata wazazi mashambani. Mwishowe ukakimbilia shuleni, ukachukua chuma ukagonga ile rimu ya gari wanayoitumia kama kengele, ukagonga na kugonga huku mtoto yuko mgongoni, mpaka mwalimu akatokea na baiskeli. Ulipomaliza kunieleza ulinishika mkono kwa nguvu, ukasema, "Mwanangu hataachiwa nyumba." Nikajibu hataachiwa. Ilikuwa rahisi kusema, tulikuwa Morogoro.

Basi nimekwenda, Leonia. Nilimwacha Editha kwa dada yangu nikapanda basi. Tulipopita Kidatu tulikwama kwenye tope, abiria tukashuka kusukuma, na kila kitu nilichokiona nilikitazama kwa macho ya mtoto wako. Mto ulikuwa umejaa rangi ya chai ya maziwa. Nikajiuliza, hapa atavukaje? Majani yalikuwa marefu kuliko mtu. Hapa nyoka wangapi? Jirani yangu kwenye kiti, mama wa Kisukuma aliyekuwa anamfuata mumewe na ng'ombe wao huko Mngeta, aliniona ninavyotoka jasho akanipa ndizi. "Kula, baba, utatapika," akasema. Nadhani alidhani ni basi linalonisumbua.

Dismas alinipokea Ifakara na baiskeli. "Shikamoo shemeji," akainama sawasawa, akanipakia kwenye keria pamoja na mzigo wangu, tukaondoka. Ameota mvi kidogo. Anacheka kwa sauti yako, na mara ya kwanza alipocheka nilishuka nikajifanya naenda haja.

Shule ya kwanza niliyoiona ilikuwa pembeni mwa mji. Walimu wazuri, watoto wamejaa mpaka wanakaa sakafuni, lakini hapo hatuna shamba wala ndugu. Ya pili iko njiani kuelekea kwenu. Nilisikitika kuiona. Madarasa nusu matupu, darasa moja lina watoto watano na mbuzi. Mwalimu aliyekuwepo akaniambia, "Wamefuata wazazi mashambani, mzee. Rudi baada ya mavuno utawakuta, na watakuwa wamesahau kusoma." Nikamwambia Dismas tuondoke, hapa Editha atapotea.

Ya tatu ni shule yako.

Nataka nikwambie ukweli, niliipenda. Imepauliwa upya. Vyoo ni visafi, nilikagua vyote, Dismas akafa kwa kicheko. Madarasa yamejaa, na huu ni msimu wa kilimo. Mwalimu mkuu ni kijana mwenye juhudi, akanitembeza kwa fahari. "Sisi hapa, mzee wangu, mtoto hafuati wazazi mashambani. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaelimisha. Mtoto anabaki anasoma. Ndiyo maana wilayani wanatusifu." Nikasema moyoni, Leonia, nimeipata.

Akafungua mlango wa darasa la tatu, darasa atakaloingia Editha. Watoto wote wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo mgeni wetu!" Walipokaa nikasikia vitu vinagonga madawati, huku na kule, vyuma vidogo. Nikatazama vizuri. Wengi wao walikuwa na funguo shingoni.

Mtoto mmoja wa kike wa mstari wa mbele, mwembamba, amechonga penseli yake vizuri, nikamuuliza ufunguo ule ni wa nini.

"Wa nyumbani."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko dungu. Anakuja Jumamosi na mchele."

"Unalala na nani?"

Akamtazama mwalimu kwanza. "Na mdogo wangu."

Mwalimu mkuu aliniambia baadaye, tena kwa upole, kwamba jioni anapitapita kwenye nyumba zao na baiskeli, lakini nyumba ni nyingi na yeye ni mmoja, naye ana mke na shamba. Sina cha kumlaumu. Kule kwenye shule ya pili, ambako watoto wamewafuata wazazi, darasa ni tupu. Hapa walipobaki, nyumba ndiyo tupu. Nilizungukia shule zote zile kutafuta ya tofauti, na sikuiona.

Njiani kurudi Dismas akaniuliza, "Vipi, shemeji? Shule hujaipenda?"

"Nimeipenda."

"Sasa?"

"Wale watoto wanakaa peke yao."

"Ah! Sisi si tulikua hivyo hivyo? Wangu mimi mwenyewe wawili wako pale. Dada Leonia alikuwa ananilea, haogopi kitu yule. Jasiri kama nini! Mimi nilikuwa nafurahi tu, hakuna wa kutuchapa."

"Aliogopa, shemeji."

"Nani? Dada?"

"Alikuwa anaongea na kuku."

Akapunguza mwendo, akashuka kwenye baiskeli. Nikamweleza habari za Jumapili ile, makufuli, rimu ya gari. Hakuwa anaijua hata chembe. Uliificha miaka yote, ukamwacha ajue tu kwamba dada yake ni jasiri. Akasimama pale katikati ya njia, matope yamemfika kwenye vifundo, anashika kengele ya baiskeli, anaiachia, anaishika tena. Mwisho akasema, "Sasa nifanyeje, shemeji? Nisipokesha kule, nguruwe wanamaliza. Hao watoto watakula nini?" Tukaikokota baiskeli mpaka kwake bila kupanda, naye alipofika aliwaita wanawe wote wawili akawashika vipaji vya nyuso, mmoja mmoja, kana kwamba wana homa.

Nilirudi Morogoro nikiwa nimeamua kukataa. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa za kumpa Dismas. Nilipomchukua Editha kwa dada yangu, nikamweleza kidogo habari za safari, kwamba nimeiona shule ya mama yake na kwamba watoto wa kule wana funguo shingoni. Nilidhani ataogopa kama mimi, anisaidie kukataa. Tulipoingia ndani akakiburuta kile kigoda chako mpaka nyuma ya mlango, akapanda, akautoa ufunguo kwenye msumari na kujivika.

"Baba, tazama. Unanitosha," akasema. "Na mimi nitaachiwa nyumba?"

Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha. Leonia, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ile ya daraja, hata siku uliyonitoka. Maana nilimwona vizuri kabisa. Nilimwona anapika, anafunga mlango, anatuficha sisi wote kwamba anaogopa, akikua watu wanasema alikuwa jasiri.

Na hapa Morogoro je? Nikipata kibarua cha kutwa, nani atakuwa ndani akirudi? Mtoto wa mtaa wa nyuma, ambaye mamake anauza mboga sokoni na babake alipunguzwa pamoja nami, juzi nimemwona anafungua kufuli la chumba chao. Nimepita pale kila siku, na kumbe sikuwa nimemwona.

Basi nimemjibu Dismas kwa dereva yule yule. Nimemwambia tunakuja, lakini mimi sitakwenda dungu. Nitalima kile kipande cha mwinuko karibu na kijiji, ambacho watu hawakitaki kwa sababu hakishiki maji, nipande mihogo na mahindi, nibaki na watoto. Wangu na wake, na yule mwembamba wa mstari wa mbele na mdogo wake, kama mama yao atakubali. Siku ile pale shuleni, kabla sijaingia darasa la tatu na kuziona funguo, nilimwomba mwalimu agonge rimu, nikatembea mpaka mahali inaposikika bila kutega sikio. Hapo ndipo tutajenga jiko.

Watanicheka, najua. Mwanamume na masufuria, wenzake wanakesha na nguruwe. Dada yangu ameshaanza kunicheka. Na mihogo peke yake haishibishi watoto wote hao mwaka mzima. Naogopa njaa. Naogopa homa, maana wewe ndiye uliyejua kuigundua homa ya mtoto kwa kumwangalia tu. Naogopa nyoka, mto, na lile daraja, ambalo bado lipo, nimeliulizia. Ila jana dereva ameniletea jibu la Dismas: "Mwambie shemeji mpunga wa watoto nitauleta mimi, Jumamosi kwa Jumamosi."

Editha nimemvua ufunguo, akanuna mpaka akalala. Sasa nimeuvaa mimi. Hauna unachofungua, nyumba ile ilishaanguka na mafuriko, Dismas amenionyesha, hata mahali penyewe hapaonekani vizuri. Mwanao akitoka darasani hatauhitaji. Atakuta mlango uko wazi, na mimi nimo ndani, naogopa kama kawaida yangu.

Pumzika, mama. Kuku nitawanunua Ifakara.

Ni mimi mumeo,
Baba Editha