Maziwa Yaliyonuka Sabuni

Jumapili, jioni. Kimulot.

Mvua ya mawe imepiga chai tangu saa nane na sasa imetulia. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nimejifungia chumbani na simu, na bado nina aibu ya jana.

Nianze kwa kukiri. Siku ya kwanza mume wangu Kipngeno aliponileta kwao, nilimtazama mama yake nikajiuliza huyu mwanamume mzuri hivi alitoka wapi. Mama aliungua moto akiwa mtoto. Shavu la kushoto limejikunja, jicho limevutwa chini, na akicheka mdomo unakwenda upande mmoja. Mimi ni mtu wa kupenda vitu vizuri. Nyumbani Kisii nilikuwa nasuka watu nywele, na mimi na kioo tulikuwa marafiki. Mlipouliza mbona mama mkwe haonekani kwenye picha za harusi nilizoweka hapa mtandaoni, nilisema alikuwa jikoni.

Nilikuwa nimemkata.

Sasa ya wiki hii. Jumamosi watu walikuwa wanakuja kumposa wifi yangu, Chelangat. Hapa wageni wa namna hiyo lazima wapewe mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wake maalum. Mursik ya Mama ina jina kutoka hapa hadi Boito. Lakini Jumatatu akaitwa matangani Fort Ternan, akaniachia kibuyu chake cha zamani na maagizo: nisugue ndani na mkaa, nimimine maziwa yaliyochemshwa yakapoa, nifunge. Ilikuwa heshima kubwa. Shangazi wa mume wangu, ambaye tangu harusi anasema huyu Mkisii atatulisha ndizi tu, alisikia akaguna.

Nilipochungulia ndani ya kile kibuyu niliona weusi mtupu, masizi ya miaka na miaka. Mimi nikaona uchafu. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua mpaka mkono ukauma. Nje nikakipaka mafuta yangu ya nywele king'ae. Ndipo nikaweka mkaa na maziwa, nikajipongeza.

Kibuyu hunywa kila unachokitilia. Hilo hakuna aliyeniambia, kwa sababu hapa hata mtoto mdogo analijua.

Jana wageni walijaa sebuleni, wazee wanne na wake zao. Desturi ni mwenye kibuyu aonje kwanza. Mama akatikisa, akamimina, akapiga funda moja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na vikombe. Niliona koo lake limesita, kisha akameza. Akanitazama mara moja tu, nikajua amejua. Shangazi alikuwa ameshanyoosha kikombe chake, akauliza kuna nini.

Nikangoja kusikia jina langu.

“Wageni, mnisamehe,” Mama akasema. “Hii maziwa imeharibika. Kibuyu ni mimi niliosha vibaya, nilikuwa na haraka ya kwenda matanga.”

Kwa mama wa msichana anayeposwa, kukosa mursik siku kama hiyo si jambo dogo. Mzee mmoja akaangalia sakafu. Shangazi akasema kwa Kipsigis, na hata mimi nilielewa, kwamba uzee umeanza kumshika. Mama akacheka na ule mdomo wake wa upande mmoja, akamtuma mtu kwa jirani kuomba kibuyu kingine.

Nilishindwa kumwondolea macho. Sijui niandikeje. Uso ni ule ule, kovu ni lile lile, na maishani mwangu sijawahi kuona mtu mzuri hivyo. Shuleni tulikaririshwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kwenye mtihani nikapata maksi zote. Sikujua mkakasi wenyewe ni mimi.

Posa ilikubaliwa. Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni, nikalia, nikamuuliza kwa nini amejibebesha kosa langu. Alikuwa anakwangua sufuria ya ugali, hata hakugeuka.

“Mimi wananijua,” akasema. “Siku moja mbaya haiwezi kunimaliza. Wewe umekuja juzi tu. Hiyo ingekufuata mpaka uzeeke.”

Halafu akaniambia nikaoshe vikombe, na nisitie sabuni nyingi.

Leo kanisani wanawake walikuwa wameshasikia. Wawili walioketi mbele yangu walinong'ona kwamba Mama Chelangat mkono wake wa maziwa umekwisha. Sifa za miaka yote hiyo, wakazimaliza kabla ya mahubiri kuanza. Nami nilikuwa hapo nyuma yao, nimeshika kitabu cha nyimbo.

Nilikifungua, nikaimba nao.

Kesho asubuhi ni zamu yangu kupeleka majani ya chai kituoni. Wanawake wa upande huu wote watakuwa kwenye foleni ya mizani, na shangazi hakosi. Nitawaambia ni nani aliyeosha kile kibuyu, na kwa nini. Watacheka, na pengine hawatasahau kamwe. Mama mwenyewe huenda akanikasirikia. Naogopa, sitadanganya. Lakini nimeuona uso wa mtu aliyebeba aibu isiyo yake, na natamani nifanane naye, hata kidogo.