Ukuta wa Bustani

Jakobsberg, 12 Februari 2009

Yaya Maombi, dada yangu mkubwa,

Unisamehe kimya changu. Theluji imefika magotini. Jana nilipata sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa kwa barafu, nikaipika, shemeji yako Évariste akala akaisifu.

Shuleni tunasoma hadithi ya zamani ya Waingereza. Bwana mmoja tajiri ameoa mwanamke mgeni, asiye na ndugu pale. Anampenda mpaka anamjengea ukuta kuzunguka bustani ili upepo usimpige, na kila sura ukuta unapanda. Mwalimu aliniuliza kama hayo ni mapenzi. Nilisema ndiyo, maana Vénantie wa kanisani kwetu hukaa nyuma yangu, na kila ninalosema humfikia Évariste.

Leo tumepewa kazi ya kuandika barua ya huyo mwanamke kwa dada yake. Vénantie ameinamia yake, nami naandika hii.

Yaya, pasipoti yangu anayo Évariste. Ufunguo wa nyumba sijawahi kupewa. Nilimweleza mama mchungaji, akaja na kina mama saba kuniombea niwe mtiifu. Évariste aliwapikia chai.

Mwalimu amekubali kuipeleka posta. Usijibu. Jumapili ukipiga simu, Évariste ndiye atakayepokea. Mshukuru kwa kunitunza, kama unavyofanya siku zote, asishtuke. Halafu omba kunisalimia, uniulize kama huku kuna upepo. Nikisema hauvumi hata kidogo, waambie baba zetu wadogo wawarudishe mbuzi wa mahari kwa kina Évariste, ndoa iishe.

Mdogo wako,
Kahindo